Haraka Si Uhakika: Historia ya Kompyuta Inayoongoza Mashine ya Kuchonga Vyuma

Historia ya kompyuta tunayofundishwa huwa ina shujaa mmoja, naye ni kasi. Tunaambiwa kwamba kompyuta za kwanza zilijaza chumba kizima na zilikokotoa polepole, kisha zikawa ndogo, kisha zikawa za haraka, na leo simu ya mkononi inaishinda mashine iliyokuwa fahari ya chuo kikuu miaka sabini iliyopita. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini imeacha nje jambo moja ambalo mafundi wengi wanalijua: kuna kazi ambazo kompyuta ya haraka inaweza kuziharibu, na kompyuta ya polepole ikazifanya vizuri. Katika insha hii nitaeleza historia ya kazi mojawapo ya aina hiyo, yaani kuongoza mashine ya kuchonga vyuma. Hoja yangu ni kwamba tangu mwaka 1952 hadi leo swali gumu katika kazi hii limekuwa nani ashike saa, na kwamba majibu yaliyofaulu yalipatikana zaidi kwa kuipunguzia kompyuta mizigo kuliko kwa kuiongezea nguvu.

Mimi ninasomea ualimu wa Kiswahili na Historia hapa Uganda, wala si mwanafunzi wa uhandisi. Niliingia katika mada hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni darasani. Mwaka 1967 mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson alichapisha makala mashuhuri kuhusu jinsi viwanda vya Uingereza vilivyowafundisha wafanyakazi kuishi kwa saa. Kabla ya viwanda, mtu wa kijijini alifanya kazi kwa kufuata shughuli yenyewe: ng'ombe akamuliwe, mavuno yaingizwe ghalani kabla ya mvua. Kiwandani, kengele ndiyo iliyoamua, na aliyechelewa alikatwa ujira. Njia ya pili ni karakana ya mjomba wangu huko Katwe, Kampala, mtaa ambao mafundi wake wanajulikana kwa kutengeneza karibu kila kitu kwa chuma. Nitarudi kwa mjomba baadaye. Kwanza tuielewe mashine yenyewe.

Mashine ya kuchonga vyuma ina kisu kinachozunguka kwa kasi na meza inayobeba kipande cha kazi. Meza husogezwa na skrubu ndefu, moja kwa kila upande: kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisu nacho hupanda na kushuka. Fundi wa zamani alizungusha skrubu hizo kwa magurudumu ya mkono, jicho likiwa kwenye kipimo. Katika mashine inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita CNC, kila skrubu huzungushwa na mota, na kompyuta ndiyo inayoiambia mota izunguke kiasi gani na kwa kasi gani.

Tuchukue mfano wa kawaida wa mashine ndogo. Mota ya hatua ya aina inayotumika sana hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Kifaa kinachoiendesha huigawa kila hatua mara 8, hivyo mzunguko mmoja unahitaji mapigo 1,600 ya umeme. Kama skrubu husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, basi milimita moja ni mapigo 320. Fundi akitaka meza isogee milimita 1,500 kwa dakika, yaani milimita 25 kwa sekunde, ni lazima kompyuta itoe mapigo 8,000 kila sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna sehemu 125 za milioni moja ya sekunde. Kipimo hicho, sehemu moja ya milioni ya sekunde, huitwa maikrosekunde.

Sasa pigo moja lichelewe kwa maikrosekunde 100, na linalofuata lije kwa wakati wake. Kwa mota, mwendo umesita kisha umeruka. Mota iliyobeba mzigo haiwezi kuruka hivyo. Inanguruma, inakosa hatua, na kompyuta haina habari. Katika mashine nyingi ndogo hakuna kifaa cha kuirudishia kompyuta taarifa ya mahali meza ilipo, kwa hiyo inaendelea kuchonga ikiamini kwamba kila kitu kiko sawa. Kuanzia hapo kila mkato umehama. Mtu anayetazama sinema kwenye kompyuta hawezi kugundua kuchelewa kidogo namna hiyo, lakini kwa mashine hii kuchelewa mara moja tu katika kazi ya saa nane kunatosha kukiharibu kipande kizima.

Kwa hiyo, mhandisi anapoiita kompyuta ya namna hii ya kutegemewa, anamaanisha kwamba hata siku yake mbaya kuliko zote haitachelewa kupita kiasi kilichowekwa. Wastani haumsaidii. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wakasema pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wanafunzi wengi huona methali hizi zinapingana. Ukitazama mashine hii utaona zinakubaliana kabisa, kwa sababu pigo linalokuja mapema linaharibu kazi sawasawa na linalochelewa.

Historia yenyewe inaanzia katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, Marekani, miaka ya 1940. John T. Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la panga la helikopta lina mpindo ambao hauchorwi kwa rula na bikari. Parsons na mhandisi wake Frank Stulen walitumia mashine za IBM za kadi zenye matundu, ambazo kwa kawaida zilifanya hesabu za ofisini, wakakokotoa nukta nyingi kwenye mpindo huo. Kisha waliitumia orodha ya nukta hizo kwenye mashine kwa njia ya kushangaza: mtu mmoja alisoma namba kwa sauti, na mafundi wawili, kila mmoja kwenye gurudumu lake, walisogeza meza hadi mahali palipotajwa. Hapo saa ilikuwa sauti ya binadamu. Kazi ilikwenda polepole, lakini haikuharibika kwa kuchelewa, kwa kuwa msomaji aliwasubiri wenzake.

Parsons alitaka mashine isome namba zenyewe. Mwaka 1949 alipata mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka huo huo akaishirikisha maabara ya vidhibiti mwendo ya chuo cha MIT. Wahandisi wa MIT walichukua mashine kubwa ya kuchonga ya Cincinnati Hydro-Tel, wakaifungia mota na vifaa vya kurudisha taarifa, na Septemba 1952 wakaionyesha hadharani ikifuata maagizo yaliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Kidhibiti chake kilikuwa makabati yaliyojaa taa za vakyumu zaidi ya 200 pamoja na rilei nyingi. Utepe ulieleza ni mapigo mangapi yatolewe kwa kila mota katika kipindi fulani, na saketi za kabatini ndizo zilizoyagawa mapigo hayo kwa mpangilio.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la kwanza kwa swali la nani ashike saa. Saa ilikuwa kabatini, imejengwa kwa waya na taa, na kabati hilo halikuwa na kazi nyingine. Tatizo lake lilikuwa la aina nyingine kabisa: taa za vakyumu huungua na rilei huchakaa, kwa hiyo lilikuwa vigumu kulitegemea kiwandani kwa sababu ya wingi wa viungo vyake. Lakini lilipokuwa zima, halikusinzia.

Kompyuta ilikuwepo pia katika hadithi hii, ila ilikaa mbali na kisu. MIT walikuwa na kompyuta ya Whirlwind, nayo ilitumika kukokotoa namba za kutobolewa kwenye utepe. Baadaye kikundi kilichoongozwa na Douglas Ross kiliunda lugha ya APT, ambayo ilimwezesha mtu kueleza umbo kwa maneno yanayokaribia ya kawaida na kuiachia kompyuta hesabu. Februari 1959 lugha hiyo ilitangazwa kwa waandishi wa habari, na wageni wakapewa visahani vya aluminiamu vya kuwekea majivu ya sigara vilivyochongwa kwa mfumo huo. Mgawanyo huu wa kazi ni muhimu kuuona. Kompyuta ikichelewa kukokotoa, utepe ungechelewa kutobolewa, basi. Hakuna chuma kilichoharibika. Kukokotoa na kushika saa zilikuwa kazi mbili, katika vyumba viwili, mara nyingi katika siku mbili tofauti.

Sitakuwa nimeieleza historia hii kwa haki nisipomtaja David Noble, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1984, Forces of Production, aliuliza kwa nini njia hii ndiyo iliyoshinda. Palikuwa na njia nyingine iliyojaribiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia: fundi hodari anachonga kipande cha kwanza kwa mkono, mashine inanasa mienendo yake kwenye utepe, kisha inairudia. Noble alidai kwamba mameneja na jeshi walipendelea njia ya namba kwa sababu iliondoa maarifa mikononi mwa fundi na kuyapeleka ofisini. Wapo wanaompinga, wakisema kwamba maumbo ya ndege za kisasa yasingeweza kuchongwa kwa mkono hata mara ya kwanza. Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Ninachokichukua kwa Noble ni swali lake: anayeielewa saa ya mashine ndiye anayeitawala mashine. Swali hilo litarudi tutakapofika kwenye kompyuta za bei nafuu.

Katika miaka ya 1970 kompyuta ziliendelea kushuka bei na kupungua ukubwa. Mwaka 1971 Intel ilitoa prosesa ya 4004, iliyokuwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Watengenezaji wa vidhibiti wakaiingiza kompyuta ndani ya kabati, ishike nafasi ya saketi za waya. Hapo kazi mbili zilizokuwa katika vyumba viwili zikakutana chini ya paa moja: kompyuta ile ile isome maagizo, ikokotoe njia, iandike kwenye kioo, isikilize vitufe, na wakati huo huo iziendeshe mota bila kuchelewa.

Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walichapisha makala iliyoweka msingi wa kulifikiria tatizo hili. Waliuliza: ikiwa kompyuta ina kazi nyingi zinazojirudia, kila moja kwa kipindi chake, ni lini tunaweza kuahidi kwamba hakuna hata moja itakayochelewa? Walionyesha kwamba kama kazi yenye kipindi kifupi zaidi hupewa kipaumbele cha juu, ahadi hiyo inaweza kutolewa kwa kazi nyingi kiasi chochote mradi prosesa isitumiwe zaidi ya takribani asilimia 69 ya muda wake. Kwangu mimi matokeo haya yana uzito wa kihistoria. Kwa macho ya meneja wa kiwanda yule wa Thompson, mfanyakazi anayekaa bure karibu theluthi moja ya siku ni hasara. Katika hesabu hii, ule muda unaobaki bure ndio unaobeba ahadi.

Jibu la pili basi lilikuwa kompyuta maalumu ya mashine, isiyofanya kitu kingine. Japani iling'ara katika jambo hili. Kampuni ya Fujitsu ilianza kuunda vidhibiti vya aina hii mwaka 1956, kazi ikiongozwa na Seiuemon Inaba, na mwaka 1972 kitengo hicho kikawa kampuni inayojitegemea, Fanuc. Vidhibiti vya namna hii ni imara na vinatumika duniani kote. Hata hivyo ni ghali, na programu yake imefungwa. Kikiharibika, mwenye karakana ndogo hawezi kukifungua akaona kosa liko wapi. Anamsubiri mtaalamu wa kampuni.

Ndipo likaja jaribio la kutumia kompyuta ya kawaida ya mezani. Mwanzoni lilifaulu kwa bahati. Mfumo endeshi wa DOS uliiachia programu moja kompyuta nzima, na nyuma ya kompyuta palikuwa na tundu la printa lenye pini 25. Programu iliweza kuwasha na kuzima pini hizo moja kwa moja, na kila kuwasha na kuzima kukawa pigo la mota. Mifumo ya Windows ilipoenea, bahati hiyo ilikwisha. Mfumo endeshi wa kisasa ni mgawaji wa haki. Unaipa kila programu zamu yake: saa ya ukutani, kipanya, kioo, mtandao, kikagua virusi. Haki hiyo tunaipenda tunapoandika insha huku tukisikiliza muziki. Kwa mota inayosubiri pigo, haki hiyo ni maafa. Programu ya Mach3, iliyopendwa sana na mafundi wadogo, ililazimika kuingiza ndani ya Windows dereva wake wa pekee, aliyejitwalia zamu mara 25,000 kwa sekunde kabla ya wengine kupewa zao. Lakini dereva huyo wa tundu la printa hakuweza kufanya kazi katika Windows za biti 64, kwa hiyo mafundi wengi waliendelea kuzitunza kompyuta kuukuu kwa ajili yake.

Njia nyingine ilianzia serikalini. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, iliunda kidhibiti kilichoitwa EMC ili kuonyesha kwamba mashine inaweza kuongozwa na programu iliyo wazi. Kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo, watu wa kujitolea waliichukua, wakaiandika upya na kuiendeleza. Mwaka 2011 mradi huo ulibadili jina kuwa LinuxCNC, kwa kuwa palikuwa na kampuni kubwa iliyoitwa EMC.

Programu hiyo ilihitaji mfumo endeshi unaoweza kuahidi muda, na hapa kuna ubunifu ambao naupenda kuliko mwingine wote katika historia hii. Huko New Mexico, Victor Yodaiken na mwanafunzi wake Michael Barabanov waliunda RTLinux, ambayo Barabanov aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1997. Badala ya kujaribu kuurekebisha mfumo mzima wa Linux uwahi, walitia chini yake mfumo mdogo sana unaoshika saa, kisha wakaifanya Linux yenyewe iwe kazi ya mwisho kwenye foleni. Pigo la mota likihitajika, Linux nzima inasimama na kungoja, kama foleni ya zahanati inavyompisha mgonjwa mahututi. Huko Italia, Paolo Mantegazza na wenzake wa chuo cha Politecnico di Milano waliendeleza wazo linalofanana na hilo kwa jina la RTAI, na kwa miaka mingi LinuxCNC ilitumia RTAI.

Mtu anaweza kudhani hapo ushindi ulikuwa umepatikana, kumbe adui alikuwa amehamia ghorofa ya chini. Mwaka 1990 Intel ilitoa prosesa ya 386SL kwa ajili ya kompyuta za kubeba, nayo ilikuja na hali maalumu ya usimamizi. Hali hiyo huiruhusu programu iliyowekwa na mtengenezaji wa bodi kusimamisha kila kitu, pamoja na mfumo endeshi, ikashughulikia umeme au joto, kisha ikarudisha kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Inapotokea, RTLinux wala RTAI haiioni. Baadaye ziliongezeka mbinu za kubana matumizi ya umeme, ambazo hulaza prosesa isipokuwa na kazi na kuiamsha inapohitajika. Kuamka nako kuna muda wake. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye prosesa ya aina moja zinaweza kutofautiana sana, moja ikafaa kwa mashine na nyingine isifae kabisa.

Sasa nirudi Katwe kama nilivyoahidi. Mjomba wangu ana mashine ndogo anayochongea vibao vya aluminiamu na nakshi za milango ya mvule. Iliongozwa kwa LinuxCNC kutoka kwenye kompyuta kuukuu, kupitia tundu la printa. Kompyuta ile ilipokufa alinunua nyingine, iliyotumika pia, lakini ya miaka ya karibuni na ya kasi zaidi mara kadhaa. Wiki hiyo hiyo milango miwili iliharibika. Nakshi ya upande mmoja ilikuwa imehama milimita tatu, na mwenye milango akaikataa. Anayejua bei ya ubao wa mvule siku hizi ataelewa kwa nini mjomba hakula vizuri jioni ile. "Hii ina mbio," aliniambia, "lakini inasinzia."

Alikuwa ametaja ugonjwa wenyewe. Fundi mmoja kijana aliitwa, naye kabla ya kugusa mota au skrubu alifungua kipimo cha ucheleweshaji kinachokuja pamoja na LinuxCNC. Kipimo hicho huandika kuchelewa kukubwa kuliko kote kulikowahi kutokea tangu kilipowashwa. Wakati kinaendelea, kompyuta husumbuliwa kwa makusudi: madirisha yanaburutwa, mafaili makubwa yananakiliwa, picha zinachezeshwa kwenye kioo. Waandishi wa LinuxCNC wanaeleza kwamba ikiwa namba hiyo haizidi maikrosekunde 15 hadi 20, kompyuta inafaa vizuri kutoa mapigo yenyewe. Ikiwa 30 hadi 50 bado inawezekana, ila kwa kasi ndogo zaidi. Ikifika 100, itafutwe nyingine au njia nyingine. Kompyuta ya mjomba ilipita 100 katika dakika chache. Kijana aliingia katika mipangilio ya bodi, akazima mbinu za kubana umeme na ile inayofanya kiini kimoja cha prosesa kijifanye viwili, akabadilisha dereva wa kioo, kisha akatenga kiini kimoja kwa ajili ya mota peke yake. Kipimo kikaachwa usiku kucha. Asubuhi namba ilikuwa chini ya 20. Kompyuta haikuongezewa kitu chochote. Ilinyang'anywa.

Jibu la tatu, kwa hiyo, lilikuwa kuitia adabu kompyuta ya kawaida. Jibu la nne lilikuwa kumkabidhi saa mtumishi mdogo. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa programu huria iitwayo Grbl, inayokaa kwenye kibodi cha Arduino chenye prosesa ya biti 8 inayopiga mara milioni 16 kwa sekunde. Ukiilinganisha na simu ya kawaida, prosesa hiyo ni kobe. Lakini haina mfumo endeshi wa kugawa zamu, haina kioo wala mtandao, na inaweza kutoa mapigo yapatayo 30,000 kwa sekunde kwa mpangilio. Kompyuta kubwa huituma mistari ya maagizo tu, nayo huiweka akiba na kuitekeleza kwa saa yake. Katika mashine kubwa zaidi, kazi hiyo hupewa kadi zenye saketi zinazopangwa upya kwa programu, kama zile za Mesa Electronics. Kadi hutoa mapigo, na LinuxCNC hubaki na zamu moja kwa kila milisekunde. Ukitazama vizuri utaona tumerudi MIT mwaka 1952: kukokotoa upande mmoja, saa upande mwingine. Tofauti ni kwamba kabati lililojaa taa sasa linatosha kiganjani.

Wakati huo huo, kazi ya kuifanya Linux yenyewe iwahi iliendelea. Watu kama Ingo Molnár na Thomas Gleixner walifanya kazi kwa takribani miaka 20 wakipunguza, kipande kwa kipande, sehemu ambazo mfumo ulikataa kukatizwa. Kikwazo cha mwisho kilikuwa kitu kinachoonekana kidogo: jinsi mfumo unavyoandika ujumbe wake kwenye kioo. Septemba 2024 Linus Torvalds aliipokea kazi hiyo katika Linux yenyewe, na ikatoka katika toleo la 6.12 mwezi Novemba.

Zipo hoja dhidi yangu, nami sitaki kuzificha. Kasi ina kazi yake. Mashine inayochonga umbo la mpindo kwa maelfu ya mistari mifupi huhitaji kompyuta inayosoma mbele, ijue kona ipo wapi kabla ya kufika, na hesabu hiyo ni nzito. Pia kompyuta haiwezi kulaumiwa kwa kila hatua inayopotea: skrubu hulegea, kisu huwa butu, na hapa kwetu umeme hukatika bila taarifa, jambo ambalo hakuna mfumo endeshi unaolizuia. Lakini matatizo haya fundi huyaona au huyasikia. Kuchelewa kwa kompyuta hakuonekani. Hujulikana kwa kupimwa tu, na asiyejua kwamba kunapimwa atabadilisha skrubu na mota mpaka pesa zimwishe.

Kwa kuhitimisha, ninaona historia hii inatudai mambo mawili. La kwanza ni letu sisi wanafunzi wa historia. Thompson alituonyesha kwamba saa ya kiwandani ilifundishwa, haikuwa maumbile ya binadamu. Kompyuta ya mezani nayo ililetwa kiwandani ikiwa na tabia za ofisini, ikalazimika kufundishwa kuwahi, na waliolifanya hilo wametawanyika kati ya New Mexico, Milano na kwingineko, wengi wakifanya kazi bila malipo. Wanastahili nafasi katika vitabu vyetu kando ya wale walioongeza kasi. La pili ni la karakana zetu. Kompyuta nyingi zinazofika Katwe zimetumika kwanza kwingine, na muuzaji atakutajia kasi ya prosesa na ukubwa wa kumbukumbu. Namba inayomhusu fundi haimo katika maneno yake. Inapatikana kwa programu ya bure, kwa usiku mmoja wa kusubiri, na kwa lugha ambayo fundi anaielewa. Maelezo yake mengi bado yameandikwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuyaleta kwa Kiswahili inatuhusu sisi tunaoisoma lugha hii.